Guttmann: Mhudumu wa wodi aliyegoma kuwakatia tamaa waliovunjika mgongo

Mwaka 1917, katika hospitali ya majeruhi ya Königshütte, mji ambao leo ni sehemu ya Poland, aliletwa mchimba makaa ya mawe aliyevunjika mgongo. Jamaa alikuwa na mwili wa miraba minne. Kijana wa kujitolea, Ludwig Guttmann, akaanza kuandika maelezo yake, lakini akaambiwa asijisumbue, huyo haponi. Mgonjwa akafungwa hogo na kuwekwa nyuma ya mapazia. Wiki tano baadaye akafa kwa maambukizi.

Guttmann hata chuo alikuwa hajaanza. Kifo kile hakikumtoka kichwani.

Akaja kuwa bingwa wa mishipa ya fahamu huko Breslau, hadi Wanazi walipowafukuza Wayahudi kwenye hospitali za umma mwaka 1933. Akahamia hospitali ya Wayahudi. Usiku wa Novemba 9, 1938, masinagogi yakiteketea, aliagiza kila anayekimbilia pale apokelewe bila maswali. Gestapo walipofika, akawapitisha kitanda kwa kitanda akiwatungia watu magonjwa. Kati ya 64, 60 walinusurika kupelekwa kambini.

Mwaka 1939 akakimbilia Uingereza na familia yake. Februari 1, 1944 akafungua kitengo cha majeruhi wa mgongo, Stoke Mandeville.

Hapo akakuta tatizo lililoanzia njiani. Wanajeshi walifika wamefungwa mahogo ili mgongo usicheze, kumbe chini yake ngozi inaoza. Aliyepooza hasikii maumivu, hivyo hawezi kulalamika. Guttmann akayavua mahogo, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe baada ya saa mbili, mchana na usiku. Manesi walichoka, ila wagonjwa waliishi.

Mtego huo bado unawasumbua wanafunzi wa tiba ya dharura leo. Ukimwinua majeruhi ovyo, unaweza kuumiza zaidi uti wa mgongo. Ukimwacha saa nyingi juu ya ubao mgumu, vidonda vinaanza kabla hajafika wodini. Kichwa, shingo na kiwiliwili vigeuzwe kwa pamoja, na hilo linataka mikono ya watu kadhaa waliofanya mazoezi, siyo nguvu.

Julai 29, 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, Guttmann aliwashindanisha wagonjwa 16 kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Mwaka 1960 michezo hiyo ilifika Roma ikiwa na wanamichezo wapatao 400.

Alifariki Machi 18, 1980. Miezi mitatu baadaye michezo yake ilifanyika Arnhem, Uholanzi, kwa sababu Wasovieti, wenyeji wa Olimpiki mwaka huo, walikataa kuipokea.