Muhammad bin Musa, mtu aliyegeuzwa neno la kompyuta

Kijana wa Matisi, kule pembeni mwa Kitale, aanzapo somo la kompyuta, iwe mbele ya mwalimu au kwa njia ya intaneti katika simu, hukutana mapema na neno algorithimu. Huambiwa kuwa ni mpango wa hatua zenye mwanzo na mwisho, ambazo mashine huzifuata moja baada ya moja. Asiloambiwa mara nyingi ni kwamba neno hilo ni jina la mtu, tena Mwislamu wa Baghdad.

Mtu huyo ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 780, na nisba yake yaelekeza Khwarizm, nchi ya kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, aliyetawala tangu 813 hata 833, katika Baitul Hikma, ambamo vitabu vya Wayunani na Wahindi vilikuwa vikifasiriwa kwa Kiarabu.

Zama hizo ndipo alipoandika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala. Al-jabr ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Al-muqabala ni kulinganisha pande mbili. Wala msomaji asidhani kuwa alitaka kujionyesha. Katika dibaji aeleza kuwa amekusanya yale mepesi ambayo watu huyahitaji daima: mirathi, wasia, mashauri, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Karibu nusu ya kitabu ni wasia na mirathi. Sisi wa pwani, tulioona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa shamba la minazi, twajua uzito wa jambo hilo.

Lakini kilichonivuta mimi ni namna yake ya kufundisha. Hana alama hata moja. Yote ni maneno. Atoa mfano wa mraba wa idadi fulani ambao, ukijumlishwa na mizizi yake kumi, huwa 39. Afanyeje mwanafunzi? Aikate 10 nusu, apate 5. Aizidishe 5 kwa 5, apate 25. Aongeze 39, iwe 64. Atwae mzizi wake, 8, aondoe ile 5. Imebaki 3, ndiyo mzizi, na mraba wake ni 9. Mwenye shaka na ajaribu: 9 na 30 ni 39. Kisha Muhammad bin Musa huchora mraba, ili mtu aone kwa macho kwa nini imekuwa hivyo.

Mafunzo ya namna hii hayaingii kwa masikio matupu. Chuoni kwetu, mtoto aliyefuata sauti za wenzake bila kuushika ubao wake alijulikana siku alipoitwa peke yake. Na leo kijana aweza kumtazama mwalimu wa intaneti akiandika programu mwanzo hata mwisho, akaitikia kwa kichwa, kifurushi kikaisha, naye hajaandika mstari mmoja.

Aliandika pia majedwali ya nyota, na kitabu cha sura ya ardhi chenye mahali 2,402. Kitabu chake kingine kilieleza tarakimu za Kihindi, tisa pamoja na sifuri, sifuri hii hii tuitamkayo sisi. Asili ya Kiarabu imepotea. Kilichosalia ni Kilatini cha karne ya 12, ambamo jina lake liligeuzwa Algorizmi. Kwa muda mrefu Wazungu walilitumia jina hilo kwa maana ya kuhesabu kwa tarakimu hizo, kabla halijapewa kazi ya kompyuta.

Alifariki kiasi cha mwaka 850, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka 1145, huko Segovia, Hispania, Mwingereza aitwaye Robert of Chester alikifasiri kile kitabu cha al-jabr kwa Kilatini, na neno likaenda nacho Ulaya. Kijana wa Matisi huiita aljebra.