Rumanyika I wa Karagwe

Rumanyika I Orugundu alikuwa Omukama (mfalme) wa Karagwe katika karne ya 19. Nchi aliyoitawala ni ile ambayo leo iko hasa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoa wa Kagera, Tanzania. Makao yake yalikuwa Bweranyange.

Kutawazwa

Alikuwa mwana wa Ndagara, wa ukoo wa Wahinda. Baada ya Ndagara kufariki miaka ya 1850, wanawe waligombea kiti. Kwa mujibu wa simulizi iliyoandikwa na Mwingereza John Hanning Speke, waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa, ambayo hakuna angeweza kuiinua isipokuwa yule aliyekubaliwa na mizimu. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole cha mwisho. Hata hivyo ngoma haikumaliza ugomvi. Ndugu yake Rogero aliendelea kupigana, na bunduki za wafanyabiashara kutoka Kaze (Tabora), akiwemo Musa Mzuri, ndizo zilizomsaidia Rumanyika kushinda.

Dini na maarifa

Katika Karagwe ya wakati huo elimu, ibada na utawala havikutenganishwa. Kila mwezi mwandamo ngoma zilipigwa mbele ya mfalme na wakuu walionyesha utii wao. Hivyo sherehe moja ilihesabu wakati na kupima uaminifu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912, alidai kwamba hata namna watu wanavyogawa wakati ina asili katika ibada. Hakuandika juu ya Karagwe, lakini mfano huu ungemfaa sana. Ujuzi wa kufua chuma nao ulihusishwa na ufalme: mikuki na sanamu za ng'ombe za chuma zilihifadhiwa kama vifaa vya kifalme, na Henry Morton Stanley aliziona alipofika mwaka 1876.

Speke na mwenzake James Grant walifika Novemba 1861. Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862; Grant, aliyekuwa na kidonda mguuni, alibaki miezi kadhaa zaidi. Wanafunzi wengi humfahamu Rumanyika kama mwenyeji tu wa wageni hao, nayo ni picha pungufu. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza: je, jua la leo ni lile la jana, au kila siku huja jipya? Kwa nini mwezi hubadili sura?

Speke alimweleza kwamba watawala wa Karagwe walitoka Uhabeshi na kwamba mababu zao waliwahi kumjua Mungu wa Wakristo. Mfalme alifurahia mazungumzo hayo, akakubali wanawe wawili wapelekwe Uingereza ili wamrudishie elimu ya kila kitu. Hawakwenda. Dhana ya Speke ndiyo iliyosafiri: aliichapisha mwaka 1863, na baadaye wakoloni waliitumia kuwagawa Waafrika wa Maziwa Makuu kwa nasaba, hasa Rwanda na Burundi. Wanahistoria wa leo wanaikataa.

Waislamu kutoka pwani walikuwa na kituo cha biashara Kafuro, karibu na ikulu. Rumanyika alifanya nao biashara, lakini alibaki katika dini ya mababu.

Kifo na kumbukumbu

Vyanzo havilingani kuhusu mwaka wa kifo chake: vingine vinataja 1878, vingine miaka michache baadaye. Alirithiwa na mwanawe Kayenje. Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019, ina jina lake.