Fumo Liyongo: Shujaa wa Ozi aliyeshinda usahaulifu

Karibu na Kipini, jimbo la Garsen, Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, ndiko inakosemwa kuwa alizikwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi mashuhuri wa pwani.

Wasomi hawajaafikiana aliishi lini. Wapo wanaomweka katika karne ya 9, na wapo wanaomweka katika karne ya 17. Waswahili na Wapokomo nao humsimulia kila jamii kwa namna yake.

Liyongo alikuwa hodari wa upinde, na kwa sababu hiyo Daudi Mringwari, mfalme wa Pate, alihofia kupokonywa kiti. Akamtia gerezani.

Kila siku mama yake, Mbwasho, alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi walikula kilicho kizuri, wakamwachia makombo. Mfungwa akatunga wimbo wa mafumbo, na mama akaelewa: akaoka mkate wa wishwa, ndani yake akaficha tupa. Walinzi waliudharau. Usiku, kelele za ngoma ya gungu zilifunika sauti ya tupa ikikata minyororo.

Siku za kupelekewa chakula zilikuwa nyingi na zilifanana, lakini inayokumbukwa ni ile ya mkate wa wishwa.

Ubongo wa binadamu una sehemu iitwayo hipokampasi, yenye kazi ya kutenganisha mambo yanayofanana. Penye lango lake mna chembe nyingi mno, lakini tukio moja huamsha chache tu, na tukio linalolifanana huamsha kundi jingine. Hivyo tofauti ndogo hukuzwa, na kumbukumbu mbili hazichanganyiki. Uwezo huo hupungua uzeeni, ilhali wazee ndio walioihifadhi hadithi hii kabla ya Edward Steere kuichapisha mwaka 1870 na Muhammad Kijumwa wa Lamu kuiandika kwa utenzi mwaka 1913.

Mwisho wa Liyongo nao hausahauliki. Mwanawe, aliyehongwa kwa ahadi za mfalme, alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipokuwa usingizini. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akakata roho katika hali hiyo.

Kwa siku kadhaa watu walikosa maji, wakidhani yu hai. Mama yake aliletwa kumbembeleza, asijue kwamba anamwimbia maiti, hadi mwili ulipoanguka.