Askofu Steere na Soko la Mkunazini

Wasomaji wengi walijua jina la Edward Steere kwa ajili ya vitabu vyake vya Kiswahili. Twapenda kueleza hapa kazi yake nyingine, ya kuwakalisha pamoja kwa amani watu waliotekwa vitani.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa padre wa kijiji. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Siku zile soko la watumwa mjini lililishwa na vita vya bara: vijiji vilivamiwa, na waliotekwa wakafungwa makongwa, wakapelekwa pwani. Wavulana watano wa kwanza wa misheni walitolewa katika jahazi la watumwa, wakakabidhiwa Tozer na Sultani Majid. Baada yao wakaja wengine, Wayao, Wanyasa na Wamakua, wakalala chini ya paa moja, na pengine watu wa kabila la mmoja ndio waliomwuza mwenziwe. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Steere akajifunza kwa bidii, akawafundisha vijana kupiga chapa.

Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alifunga soko. (Mkataba ule ulikataza biashara ya baharini tu, watumwa wa mashamba walingoja sheria ya mwaka 1897.) Siku ya Kuzaliwa Bwana, mwaka ule ule, jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, tajiri wa Kihindi asiye Mkristo. Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi mwenyewe.

Lakini kanisa halimpi mtu shamba. Huko Mbweni, karibu na mji, walioachwa huru walipata mahali pa kujenga na kulima. Hata hivyo wengi walitamani kwao. Basi mwaka 1876 Steere akaongoza kundi la wanaume na wanawake, wakavuka bahari mpaka Lindi, wakaenda kwa miguu hata Masasi, wakaanza kijiji chao. Yeye akarudi Unguja.

Alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya Mkunazini. Mwezi uliofuata Wamagwangwara wakaivamia Masasi, wakateka baadhi ya watu wale wale, na wamisheni wakafunga safari kwenda kuwakomboa mara ya pili.