Mohandas Gandhi, Wakili wa Vibarua

Katika kuadhimisha mwaka huu wa hekalu letu, tumependa kumkumbuka Mohandas Karamchand Gandhi. Hatumkumbuki hapa kama mzee wa picha za ukutani, bali kama wakili kijana.

Alizaliwa Porbandar tarehe 2 Oktoba 1869, akasomea sheria London. Huko Bombay kesi yake ya kwanza ilimshinda: alisimama kumhoji shahidi, akakosa la kusema, akaketi. Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, mfanyabiashara Mwislamu, ilimwajiri Afrika Kusini. Njiani alipitia Lamu, Mombasa na Unguja.

Natal ilijaa vibarua wa Kihindi waliofungwa kwa mikataba ya miaka mitano. Kwa jina walikuwa raia wa himaya ya Uingereza, lakini kibarua aliyemwacha tajiri wake alihesabiwa mhalifu. Mmoja wao, Mtamil aitwaye Balasundaram, alimjia Gandhi akilia, kilemba mkononi, meno mawili ya mbele yamevunjwa na tajiri wake. Gandhi alimsihi kwanza avae kilemba chake. Kisha akampeleka kwa daktari apate cheti cha majeraha, ndipo wakaenda kwa hakimu. Hakimu alikuwa tayari kumshtaki tajiri. Gandhi aliona kwamba adhabu hiyo isingemfungua kibarua. Akahangaikia mkataba uhamishwe, akamtafutia tajiri mwingine. Habari zikaenea, vibarua wakaanza kumjia.

Wamakonde wa Kwale, waliotembea kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016 kudai vitambulisho, wangeuelewa mlango huo wa wakili. Vivyo hivyo wazee wetu, waliopewa miaka miwili tu baada ya uhuru wa Kenya kuomba uraia.

Hatupaswi kuficha kwamba Gandhi wa miaka ile aliwatetea Wahindi. Waafrika, wenye nchi, hakuwasemea, na baadhi ya maandishi yake juu yao yanatia uchungu.

Mwaka 1913 mahakama ilikataa kuzitambua ndoa zisizofungwa kwa taratibu za Kikristo wala kuandikishwa serikalini. Ndoa zilizofungwa mbele ya moto wetu mtakatifu zikawa si kitu, na wake wakapoteza haki ya kuingia nchini. Hapo wanawake wenyewe walikwenda gerezani, na vibarua wa migodini wakagoma. Sheria ya 1914 ilizitambua ndoa hizo, ikafuta kodi ya pauni 3 iliyowaelemea vibarua waliomaliza mikataba. Julai mwaka huo Gandhi alipanda meli, asirudi tena Afrika Kusini.