ALFRED BINET, MPIMAJI WA AKILI ZA WATOTO
Na Mwalimu wa Hesabu

Wanafunzi, wazazi, na walimu wenzangu, Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani. Nimemchagua Bwana Alfred Binet wa Ufaransa, na sababu yangu ina aibu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, kabla sijafika shule hii, mwanafunzi wangu mmoja alipata sifuri katika majaribio mawili ya hesabu. Nikaandika katika ripoti yake kwamba ni mzito wa akili. Baadaye nilimketisha karibu nami nikamwuliza maswali yale yale kwa mdomo, akayajibu karibu yote. Kumbe maswali nilikuwa nikiyaandika ubaoni, na yeye ubao haoni. Sikuwa nimepima akili yake, nilikuwa nimepima macho yake tu. Tangu siku ile nilianza kusoma habari za watu waliojishughulisha na kazi hii ngumu ya kupima watoto.

Binet alizaliwa katika mji wa Nice mwaka 1857. Baba yake alikuwa daktari. Kijana alisomea sheria, lakini moyo wake haukuwa huko. Akawa akishinda katika maktaba kubwa ya Paris, akisoma peke yake vitabu vya elimu ya nafsi, bila ya mwalimu. Kisha akapata kazi katika hospitali ya Salpêtrière, chini ya daktari maarufu Charcot. Huko yeye na mwenzake walitangaza kwamba sumaku yaweza kuhamisha hisia za mgonjwa aliyelazwa usingizi wa kiinimacho, zikatoka upande mmoja wa mwili zikaenda upande wa pili. Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Delboeuf, akaonyesha kuwa wagonjwa walijua tu lile linalotakiwa, nao wakalitenda. Binet alilazimika kukiri kosa lake mbele ya watu. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tangu hapo alijihadhari sana asije akaona katika mtu kile alichotaka mwenyewe kukiona.

Alirudi nyumbani akaanza kuwatazama binti zake wawili, Madeleine na Alice. Aliwapa michezo na maswali madogo madogo, akaandika majibu yao. Akaona kuwa watoto hawa, wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana njia yake ya kufikiri. Mmoja alikuwa mwangalifu wa vitu, na mwenziwe alikuwa mwenye ndoto nyingi. Baadaye, alipokuwa mkuu wa maabara katika chuo cha Sorbonne, alijaribu pia kupima vichwa vya wanafunzi, maana wataalamu wengi wa siku zile waliamini kuwa kichwa kikubwa ni akili kubwa. Alipoona kuwa tofauti ni ndogo mno, aliiacha njia hiyo.

Sasa nifike kwenye kazi iliyompa jina. Sheria ya mwaka 1882 iliwalazimisha watoto wote wa Ufaransa kusoma. Basi madarasa yakajaa, na baadhi ya watoto wakashindwa kuwafuata wenzao. Mwaka 1904 Serikali iliunda kamati ya kutazama jambo hili, na Binet akawa mmoja wao. Swali lilikuwa, nani ahitaji kufundishwa kwa namna ya peke yake, na nani ajuaye? Binet alihofu kuwa mwalimu aweza kumwondoa mtoto kwa sababu anamsumbua tu. Hata madaktari walikuwa wakimtazama mtoto yule yule, kila mmoja akampa jina lake.

Mwaka 1905, pamoja na Daktari Théodore Simon, alitoa kipimo chenye majaribio 30, kuanzia jepesi hata gumu. Mtoto alifuata kwa macho kijiti cha kiberiti kinachowaka, akarudia tarakimu tatu, akalinganisha uzito wa vitu viwili, akaeleza tofauti ya nzi na kipepeo. Mwaka 1908 aliyapanga majaribio kwa umri, na mwaka 1911 akayatengeneza tena. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, akafariki, umri wake miaka 54.

Jambo ninalotaka mlikumbuke ni hili. Binet hakupima ili amfungie mtoto mlango. Alipima ili mtoto asaidiwe. Alikataa kabisa fikira ya kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Katika madarasa ya watoto waliochelewa alitaka waanze na mazoezi ya kukaza nia, kama mchezo wa kusimama kimya kama sanamu, ndipo wafundishwe masomo. Alionya pia kuwa kipimo chake si kama rula ipimayo urefu wa meza.

Alipokwisha kufa, wengine wakayafanya majibu yale kuwa namba moja tu, na huko Marekani namba hiyo ikatumiwa kuwatenga watu na kuwadharau. Kifaa cha kusaidia kikawa kifaa cha kuhukumu.

Mimi bado natoa majaribio kila wiki, wala sitaacha, kwani bila ya hayo sijui kama somo langu limeingia. Lakini siku hizi nikisha kusahihisha, wale wa mwisho huwaita mmoja mmoja, nikawauliza kwa mdomo wamefikaje kwenye jibu. Mara nyingi nagundua kosa ni moja tu, na mara nyingine kosa ni langu. Nanyi wazazi, ripoti ikifika nyumbani na alama ni mbaya, msikimbilie fimbo wala matusi. Mwulizeni mtoto kwanza alikwama wapi. Na wewe mwanafunzi, kama ubao huuoni, nyosha mkono useme.