Adrian Atiman, Daktari na Katekista wa Karema

Ziko kauli mbili zinazosikika mara kwa mara katika familia za Wakristu. Ya kwanza ni ya kijana aliyesoma, asemaye ya kuwa mtu akishaijua sayansi hana haja tena ya dini. Ya pili ni ya mzazi mwenye hofu, asemaye ya kuwa mwenye imani ya kweli hahitaji hospitali. Na amwombee tu mtoto wake, naye atapona. Kauli hizi zaonekana kupingana, lakini shina lake ni moja, kwani zote mbili zadhani ya kuwa Mungu na elimu ni mabwana wawili wanaomgombania mtumishi mmoja. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu maisha ya mtu aliyekaa miaka 67 katika nchi hii akizikanusha kauli hizo kwa kazi ya mikono yake.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hata akafika Algeria. Huko akakombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe, wana wa shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868. Wakamlea, wakamsomesha, naye akabatizwa.

Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa na shauri lililowashangaza wengi wa siku zile. Aliona ya kuwa Afrika itaongoka kwa Waafrika wenyewe, na ya kuwa Habari Njema ipelekwe pamoja na tiba ya mwili. Mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa utumwani wasomee udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho, kisha warudi Afrika wakiwa madaktari na makatekista pamoja. Atiman alikuwa mmoja wao. Alisoma muundo wa mwili, dawa na upasuaji kama wasomavyo wanafunzi wengine wote, wala hakuna aliyemwambia ya kuwa sala zitamfupishia masomo hayo.

Alipokwisha kuhitimu alisafiri pamoja na wamisionari mpaka pwani yetu, akaingia bara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali hapo palikuwa na ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa wamisionari mwaka 1885. Akamwoa Agnes Wansahira, wa kabila la Wabende, na mmoja wa watoto wao, Joseph, akawa padre. Yeye aliyeletwa Algeria kama bidhaa akawa sasa baba wa familia, mwalimu wa dini na tabibu wa nchi nzima iliyozunguka ziwa.

Na tufikiri kidogo juu ya elimu aliyokuwa nayo. Alipofika Karema, vijidudu vya malaria vilikuwa vimekwisha kuonekana, kwani daktari Laveran alivigundua mwaka 1880 katika Algeria ile ile. Lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha ya kuwa mbu ndiye avipelekaye kwa mtu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Ya kuwa mbung'o ndiye aenezaye ugonjwa wa malale ilijulikana mwaka 1903, kwa utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Uganda. Yaani katika maisha ya mtu huyu mmoja sehemu kubwa ya elimu ya uganga iligeuzwa na kuandikwa upya. Je, ilimpasa kuibadili imani yake kila mara? La. Sayansi ilimfundisha namna ugonjwa unavyoingia mwilini na namna ya kuutoa. Imani ilimfundisha kwa nini mgonjwa asiye na kitu, tena asiye ndugu yake, anastahili kuamshiwa daktari usiku wa manane. Maswali hayo ni mawili, na jibu la moja haliwezi kufuta jibu la jingine.

Alifariki tarehe 24 Aprili 1956, akiwa na miaka ipatayo 90, akazikwa Karema. Katika Dar es Salaam iko nyumba ya wamisionari iitwayo kwa jina lake.

Karema i mbali na Kishanda, lakini jambo hili ni letu pia. Miaka mitatu baada ya Atiman kufika ziwani, Mapadre Weupe wale wale walianzisha misioni ya Kashozi, mwaka 1892. Nasi wa Bukoba na Muleba tumekwisha kujaribiwa katika jambo hili hasa. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika mkoa wa Kagera, wengi walisema ni uchawi, na jamaa wakatazamana kwa chuki huku ugonjwa ukisonga mbele. Tena mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba. Madaktari waliagiza watu wasimguse mgonjwa wala kumwosha marehemu. Agizo hilo lilikuwa chungu, kwani kumtazama mgonjwa na kumzika maiti ni matendo ya huruma tuliyofundishwa tangu utoto, na mila zetu zadai hivyo hivyo. Tarehe 2 Juni ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha, baada ya kuwapata watu 9 na kuua 6. Katika nyumba ile iliyozuia mikono yake huku ikilia, upendo haukupungua; uliongozwa na elimu, ukaokoa majirani.

Basi, wazazi wapenzi, mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati upesi, na njiani mwombeeni. Msimwache afe mbele ya msalaba kana kwamba Mungu anachukizwa na dawa, wala msimpeleke kwa mpiga ramli kutafuta adui ambaye hayuko. Nanyi vijana mnaosoma baiolojia na kemia, someni kwa bidii zote, wala msidhani ya kuwa kila ukurasa mnaoufungua wawaondoa kanisani. Wa Karema alisoma kurasa hizo kabla yenu, kisha akashika sanduku la dawa kwa mkono mmoja na katekisimu kwa mkono wa pili, wala hakuona vikimwelemea upande mmoja.